Robo Inchi kwa Kila Futi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Mikumi, na kwa kuwa mnanijua, hamtashangaa nikisema niliitundika kwa pima maji na kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Mke wangu aliingia, akaitazama, akasema imepinda. Nikamwonyesha kitone cha hewa kilivyotulia katikati ya pima maji. Akasema kitone kimetulia, lakini saa imepinda. Ilibainika baadaye kuwa dari ndiyo iliyoshuka upande mmoja, na jicho la mtu huilinganisha saa na dari. Dari hiyo niliipiga mwenyewe.

Naanza na habari hiyo ili msitarajie makubwa. Mmeniomba niandike niliyoyapitia kazini, yawasaidie ninyi mnaobaki. Vyeo sitavieleza kwa kuwa vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua. Nitaeleza vifaa, mtu aliyenifundisha kuvitumia, na nyumba moja iliyo nje kidogo ya Kimamba ambayo nilikaribia kuibomoa kwa karatasi mbili na muhuri.

Sikuanza kama fundi. Nilimaliza shule ya msingi, nikaajiriwa kuwa karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi katika shamba la mkonge lililokuwa kati ya Kimamba na Kilosa. Siku ya kwanza nilipanga misumari kwa urefu. Siku ya pili fundi mmoja alikuja kuchukua misumari, akachota kwa mikono miwili kutoka makopo matatu, na nikajifunza kwamba utaratibu wa stoo unamhusu mwenye stoo peke yake.

Katika stoo hiyo, chini ya makopo ya rangi yaliyokauka, nilikuta kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Kilieleza nyumba kubwa za kale za mashamba ya Uingereza, jinsi zilivyojengwa na jinsi zinavyochakaa. Mchwa walikuwa wameanza kukila kutoka mwisho, kama watu wanaosoma gazeti kwa kuanzia michezo, na walikuwa wamefika katikati. Nusu iliyobaki niliisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa juma. Baada ya miaka michache nilikuwa najua kwa nini paa la Mwingereza lina mwinuko mkali, namna dohani inavyovuta moshi, na jinsi ya kuzuia theluji isivunje kenchi za paa. Kuchanganya udongo wa kujengea sikujua. Kule Kilosa, nina hakika, hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa tayari kwa theluji kama mimi.

Aliyenitoa stoo ni Fundi Hezroni, mwashi mkuu wa shamba, mtu wa Munisagara aliyesomea misheni, mwenye maneno machache. Aliniona nikisoma, akaniuliza kama kitabu hicho kinaeleza habari za choo. Nikasema hakielezi. Akasema basi nitakijenga bila kitabu, nyuma ya ofisi ya malipo. Nilikijenga kwa majuma matatu. Kuta zilisimama wima kiasi kwamba Fundi Hezroni alizipitishia mkono mara mbili. Kisha akaingia ndani kujaribu. Mlango niliupachika ufunguke kwa ndani, na chumba kilikuwa kidogo, hivyo mtu akishaingia mlango haufungiki. Alisimama humo, mlango umemkaa tumboni, akanitazama.

"Umepima kila kitu," akasema, "isipokuwa mtu."

Aligeuza bawaba mwenyewe, kisha akanipa timazi yake ya zamani ya kupimia wima, ile yenye kipande cha shaba kilichochongoka na kamba ya pamba. Ndiyo hiyo mliyokuwa mnaiona mezani kwangu. Akaniambia kamba haimpendelei mtu yeyote. Maneno hayo niliyashika vizuri. Yale ya mlango nikayasahau, na huo ndio mwanzo wa habari yangu.

Nikahamishiwa upande wa ukaguzi wa majengo. Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa Kidodi, ambako tuliazimwa kwenda kuangalia nyumba za watumishi zilizo kando ya barabara ya malori ya miwa. Kuta zilikuwa na nyufa, na ilibidi tujue ni nyufa zilizokwisha kutulia au bado zinafunguka. Njia ya kujua ni rahisi. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakibandika juu ya ufa kwa plasta pande zote mbili, unaandika tarehe, unaondoka. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinavunjika. Kidodi vioo vilivunjika vyote ndani ya siku tatu, na tukaandika kwamba malori yapunguze mwendo au nyumba zihame. Nadhani vyote viwili havikufanyika. Lakini mimi nilirudi Kimamba nikiwa mtu wa kioo na timazi, na vijana wa kambini wakaanza kuniita Milimita. Nilidhani wananisifu.

Sasa nyumba yenyewe. Ilijengwa zamani za ukoloni na Mwingereza mwenye shamba, kabla mimi sijazaliwa. Alitaka akae Kimamba kama alivyokaa kwao. Ilikuwa ya ghorofa moja, na katikati palikuwa na ukumbi uliopanda hadi kwenye kenchi, bila dari. Upande wa magharibi wa ukumbi palikuwa na meko ya kuotea moto ambayo ng'ombe angeweza kugeukia ndani yake. Hayo yako Kimamba, ambako mwezi wa Januari watu hutoa mikeka wakalala nje. Kuta zilikuwa za tofali za kuchoma, sehemu za juu zikapakwa chokaa, na mbao nene nyeusi zikapita juu ya weupe huo kama mbavu. Madirisha yalikuwa ya vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa kwa vipande vya madini ya risasi. Paa lilikuwa la vigae, na mwinuko wake ulikuwa wa kumwaga theluji. Nilipoliona mara ya kwanza nililitambua kama ndugu.

Jambo jingine lilionekana na kila mtu, hata asiyesoma kitabu. Nyumba ilikuwa imepinda. Ukuta wa magharibi, pamoja na dohani yake, ulikuwa umeegemea nje. Mgongo wa paa ulikuwa umebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Madirisha ya juu hayakuwa na pembe hata moja inayofanana na nyingine. Watu wa Kimamba waliiita Nyumba ya Mlevi, na walipoulizwa mlevi ni nani, wengine walisema ni Mwingereza, lakini wengi walisema ni fundi aliyeijenga. Naomba mkumbuke jina hilo. Mimi nililisikia kila siku kwa miaka kumi na miwili, na sikujiuliza ni la tangu lini.

Baada ya shamba kutaifishwa nyumba ilikuwa ofisi, kisha ghala la nyuzi, mwishowe zahanati. Ukumbi ukawa wodi. Ndani ya yale meko makubwa ndimo ilimotundikwa mizani ya kupimia watoto, na chumba ambacho Mwingereza alisomea vitabu ndicho wanawake walimojifungulia. Aliyeisimamia zahanati alikuwa Nesi Magdalena, mkunga mwenye kicheko kikubwa na subira ndogo, aliyejua kila mtoto wa kambini alizaliwa saa ngapi na kwa shida gani.

Ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Mitumba ilijaa gulioni, sabuni zikawa na rangi, na mashamba ya umma yakaanza kutafutiwa wenyewe. La kwetu lilipata mnunuzi. Alikuja na magari mawili, akatembea, akauliza habari za nyumba iliyopinda. Meneja wetu akamweleza kuwa ni zahanati. Mnunuzi akasema, kwa haki kabisa, kwamba hatanunua jengo litakaloangukia wazazi. Kama mtaalamu atathibitisha kuwa ni salama, zahanati itabaki. La sivyo ibomolewe, tofali zikajengee ghala, na wagonjwa waende Kilosa.

Kilosa si mbali, mtasema. Ni karibu wakati wa kiangazi. Mvua zikikolea mto Mkondoa hufurika, barabara hukatika, na mwanamke mwenye uchungu huwa mbali na Kilosa kama alivyo mbali na Ulaya. Wote tulilijua hilo. Nesi Magdalena alilijua kwa majina ya watu.

Mtaalamu nilikuwa mimi. Meneja alinipa majuma mawili, na lazima nikiri kwamba nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu aliyepewa kazi nzito. Nilikuwa nimeisubiri kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili bila kujua. Nchini kote, nilijiambia, ni nani mwingine aliyesoma nusu ya kitabu kuhusu nyumba ya namna hii?

Nilifika na timazi, pima maji, futi kamba, daftari jipya na penseli mbili. Niliteremsha timazi kutoka dirisha la juu la ukuta wa magharibi na kupima umbali kati ya kamba na tofali kila baada ya futi nne. Futi nne kutoka chini, ukuta ulikuwa umetoka nje kwa inchi moja. Futi nane, inchi mbili. Futi kumi na mbili, inchi tatu. Futi kumi na sita, inchi nne kamili. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri na kuyapigia mstari. Robo inchi kwa kila futi, bila kukosea hata mahali pamoja. Nilivutiwa sana na usafi wa hesabu hiyo. Haikunijia akilini kwamba ukuta unaoanguka hauna sababu ya kuwa na nidhamu.

Nesi Magdalena alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia, mikono kiunoni.

"Fundi," akasema, "milango yote inafunga."

Nikamjibu kwamba mlango si kipimo.

"Nakwambia tu. Nimekaa humu miaka tisa. Milango inafunga, madirisha yanafunga. Nyumbani kwangu, ulipokagua ukasema ni imara, mlango naufunga kwa goti."

Nilimshukuru kwa mchango wake. Ndivyo nilivyosema, "Nakushukuru kwa mchango wako," na bado nasikia aibu. Kisha nikatafuta ufa. Nyumba kubwa kama ile haikosi ufa, na niliupata kwenye plasta kando ya meko, mwembamba kama unywele. Nikabandika kioo changu, nikaandika tarehe, nikaondoka. Niliporudi siku ya kumi, kioo kilikuwa kimevunjika vipande viwili.

Nikawa na ushahidi wa kutosha. Ukuta umeegemea, paa limebonyea, kioo kimevunjika. Niliandika ripoti ya karatasi mbili yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mistari miwili. Nilieleza kwamba jengo linaanguka taratibu kuelekea magharibi, na nikakokotoa hata mahali ambapo dohani itafikia chini, ili ndoo za wafua nguo ziondolewe hapo. Meneja aliisoma na kugonga muhuri. Tangazo likabandikwa kwenye mlango wa zahanati: vifaa vihamishwe kabla ya Jumamosi, kubomoa kutaanza Jumatatu. Mawingu yalikuwa yameanza kulala juu ya milima ya Kilosa.

Sasa nimlete Mzee Mbaraka. Huyu alikuwa jirani yangu, mzee aliyetengeneza baiskeli chini ya kibanda cha bati karibu na stesheni ya Kimamba. Baba yake alikuja kutoka kusini kukata mkonge, na yeye akabaki. Kila asubuhi nilimpita nikimwambia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye tairi. Miaka kumi na miwili ya shikamoo. Nilijua kwamba ni mtu wa swala tano na kwamba binti yake wa mwisho ni mjamzito. Alichokuwa akifanya kabla ya baiskeli sikujua, kwa sababu sikuwahi kuuliza, na kitabu hakikusema.

Alhamisi ya juma lile la tangazo aliingia ofisini kwangu. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa. Nikasimama, nikamwamkia, nikampa kiti. Hakukaa.

"Sikuwa nimelewa," akasema.

Nilidhani mzee anaumwa. Nikamwomba tena akae.

"Sijawahi kuonja pombe tangu nizaliwe, mwanangu. Nataka ujue hilo kwanza kabla ya mengine. Nyumba ile nimeijenga mimi. Haianguki."

Kisha akakaa, na akanieleza. Alikuwa mwashi kijana, hodari, na Mwingereza alimchagua kuongoza ukuta wa magharibi. Aliupandisha wima hadi usawa wa madirisha. Siku moja bwana alikuja na picha ya nyumba ya babu yake kule Uingereza, nyumba iliyokuwa imezeeka ikapinda kwa kukaa miaka mingi. Akaiweka picha mbele ya ukuta, akatikisa kichwa, akasema huu sio. Alitaka ile ile aliyoizoea utotoni, na upindaji wake. Mzee Mbaraka aliambiwa avunje ukuta wima alioujenga na aanze upya, umeegemea. Seremala wa kwanza alipoambiwa achonge mbao za mgongo wa paa zibonyee, alikusanya vyombo vyake akaenda zake. Wa pili alichonga.

"Na wewe mzee?"

"Mimi nilikuwa na mke mpya," akasema. "Nikavunja."

Nilimuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo. Akanitazama kama ninavyowatazama ninyi mnapouliza nyundo iko wapi nanyi mmeishika.

"Ningesema nimeijenga mimi, wangeniuliza nilikunywa nini. Kwa hiyo nikanunua pampu, nikatengeneza baiskeli. Hakuna anayeuliza fundi baiskeli kwa nini gurudumu limepinda. Anajua limepindia kwake."

Na kwa nini anasema sasa? Binti yake alikuwa amebakiza majuma machache, na mvua zilikuwa zinakuja.

Mimi, kwa vile ni mimi, sikuamini. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba maneno hayawezi kushinda vipimo. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja na chake. Tulitoka nje. Kwenye baiskeli yake palikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia, na alikataa kukifungua mpaka tufike.

Kilikuwa ubao wa mninga wenye urefu wa futi nne, umekuwa mweusi kwa uzee. Ukingo mmoja ulikuwa umenyooka. Ukingo wa pili ulikuwa umechongwa kwa mshazari, kiasi kwamba ubao ulikuwa mpana upande mmoja kuliko mwingine kwa inchi moja. Katikati palikuwa na mstari uliochorwa kwa kisu, sambamba na ukingo ulionyooka, na juu ya mstari palikuwa na tundu la kupitishia kamba. Nilielewa kabla hajasema. Ukiegemeza ukingo wa mshazari kwenye ukuta na kuning'iniza timazi kwenye tundu, kamba itaangukia kwenye mstari pale tu ambapo ukuta umeegemea inchi moja kwa kila futi nne.

"Timazi unayo?" akauliza.

Nikampa ya Fundi Hezroni. Akaifunga, akaweka ubao kwenye ukuta. Kipande cha shaba kiliyumba, kikapunguza mwendo, kikatulia. Kamba ililala ndani ya mstari wa kisu kana kwamba imechorwa hapo.

Nilimwomba tujaribu mahali pengine. Tukajaribu kona ya kusini. Nikaleta ngazi, tukajaribu juu, kisha kwenye dohani. Nakiri kwamba nilikuwa natafuta mahali itakapokataa, na sikupata. Nikapiga magoti kuangalia mistari ya udongo kati ya tofali, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama nisingekuwa msomi. Ukuta uliopinda baada ya kujengwa hupinda pamoja na kila kilichomo, na milango hukwama. Humu mistari ilikuwa mizima, tofali za kona zilikuwa zimekatwa moja moja kwa mkono kufuata mshazari, na fremu za madirisha zilitengenezwa zikiwa na pembe zile zile tangu kwa seremala.

Nesi Magdalena alikuwa anafunga vifaa kwenye maboksi. Alitoka akatukuta hapo, mzee na ubao wake, mimi nimepiga magoti. Nilimweleza. Aliushika mlango wa wodi, akaufunga. Akaufungua. Akaufunga tena, taratibu, mpaka komeo likaingia mahali pake kwa sauti ndogo.

"Na kile kioo," akasema, "alikigonga mama mfagizi kwa ufagio. Nilimwambia aje akwambie. Akasema anaogopa penseli zako."

Nilikuwa najiandaa kuondoka nikaandike upya, lakini Mzee Mbaraka alikuwa ameniziba njia.

"Bado hujapima jikoni," akasema.

Jiko lilikuwa nyuma, limeunganishwa na nyumba kwa ujia mfupi, na siku hizo lilikuwa stoo ya kuni. Sikuwa nimelipima kwa sababu katika kitabu changu sura ya majiko ilikuwa imeliwa. Alinipeleka kwenye kona ya nyuma, akaondoa kuni mbili tatu, akanirudishia timazi bila ubao. Nikaishusha kutoka chini ya paa. Kamba iligusa tofali la juu, ikagusa la katikati, ikagusa la chini, na kati ya kamba na ukuta hapakupita hata karatasi. Sijawahi kuona kona kama ile, kabla wala baadaye, na nimekagua majengo mengi.

"Bwana hakuwahi kuingia jikoni," akasema mzee.

Ripoti ya pili niliiandika siku hiyo hiyo. Nilieleza kwamba ya kwanza ilikuwa na makosa, kwamba makosa ni yangu, na nikayataja yote, pamoja na la mlango. Niliomba nyumba ipewe msimu mmoja wa mvua, nikiwa nimebandika vioo viwili vipya na kuvizungushia wavu wa kuzuia ufagio. Meneja aliisoma akiwa amesimama. Aliweka karatasi za kwanza mkono wa kushoto na za pili mkono wa kulia, akazitazama kwa zamu.

"Milimita," akasema, "siku unaandika hii ya kwanza, ulikuwa umekunywa?"

Nami sinywi. Nilifungua mdomo kumweleza, nikaona kwamba nikieleza nitazidi kuonekana nimekunywa. Nilikaa na swali hilo kwa siku moja, nikajaribu kulizidisha kwa miaka aliyokaa nalo Mzee Mbaraka. Hesabu hiyo sikuimaliza.

Yaliyofuata Mikumi nitayasema kwa ufupi, ili nimalizie ninapotaka. Baada ya shamba kupata mwenyewe nilikuja huku, nikakagua nyumba za wageni zilizoota kando ya barabara kuu. Wengi wenu tulianzia hapo. Mlikuwa mkinicheka kwamba nikifika kwenye jengo nafungua na kufunga milango yote kabla sijatoa futi kamba, kama mtu anayetafuta alikosahau mwavuli. Halafu namtafuta mzee anayeishi jirani, namwamkia, namuuliza alikuwa anafanya kazi gani zamani. Mara nyingi alikuwa mkulima. Endeleeni kuuliza.

Kule Kimamba Meneja aliahirisha kubomoa, na mvua za msimu ule zilikuwa kubwa. Mkondoa ulipanda, barabara ya Kilosa ikakatika kwa siku tano, na siku ya tatu binti wa Mzee Mbaraka alijifungua mtoto wa kike katika chumba cha vitabu cha Mwingereza. Alipimwa uzito ndani ya meko. Vioo vyangu viwili vilikuwa vizima siku hiyo, na vilikuwa vizima mvua zilipokatika. Mnunuzi alikubali. Tangazo likabanduliwa.

Ripoti ya mwisho, ya kuthibitisha, nilitakiwa kuibandika mahali pa tangazo ili watu waione. Nilipofika nayo ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi na chini, watoto mgongoni, na Mzee Mbaraka alikuwa amesimama kando akiwa amembeba mjukuu. Nesi Magdalena akaniambia nisiibandike tu, niisome, maana wengine hawakuja na miwani. Alisema hivyo ili asimtaje mtu asiyejua kusoma.

Nikaisoma. Ukuta wa magharibi umejengwa kwa makusudi ukiwa umeegemea, kwa agizo la mwenye nyumba, robo inchi kwa kila futi, nao ni imara. Mgongo wa paa umechongwa ulivyo, nao ni imara. Kisha ikafuata aya ambayo hakuna aliyeniagiza kuiandika, na ambayo Meneja aligonga muhuri chini yake. Kona ya nyuma ya jiko imesimama wima bila tofauti inayoweza kupimwa kwa kifaa chochote alichonacho mkaguzi. Imejengwa na Fundi Mbaraka, mwashi, ambaye hatumii kileo.

Mama mmoja akageuka kumtazama mzee wa baiskeli, kisha akainama taratibu, bila kuinuka, akasema shikamoo fundi. Wengine wakafuata.

Mzee alimhamishia mtoto bega la pili, akasogea hatua mbili mpaka akawa karibu nami.

"Mwanangu," akasema, "soma tena hapo kwenye jiko."

Nikasoma tena.